4K Yenye Chenga

Mpwa wangu alinunua TV ya inchi 55 mwezi wa Ramadhani, akaniita kwake Tabata nikaione. Tulipomaliza kufuturu alizima taa ya sebuleni, akafungua mtandaoni filamu moja ya kivita, akaipeleka mbele mpaka kwenye kipande cha usiku: wanaume watano wamezunguka moto jangwani, nyuma yao anga tupu.

"Mjomba, ona 4K hiyo."

Nikaona. Nyuso zilikuwa safi kabisa, hata matone ya jasho ungeweza kuyahesabu. Lakini anga haikuwa anga. Ilikuwa na miduara, mmoja ndani ya mwingine, kama kisiki cha mti uliokatwa kwa msumeno, na kila moto ulipocheza miduara ile nayo ilihama. Kona ya chini, penye giza zito, vilikuwa vinatembea viboksi vya mraba. Nikamwuliza, "Na hizo chenga?" Akasema, "Hizo si chenga, Mjomba. Hilo ni giza."

Kijana huyu ana PS5 anayochezea mpira, ile yenye mdomo wa CD. Mimi nina diski ya filamu hiyohiyo, niliyoletewa na ndugu anayeishi London. Jumamosi iliyofuata nikarudi nayo. Tukaweka TV ileile, kipande kilekile, taa imezimwa. Miduara haikuwepo. Giza liliteremka kutoka kwenye moto hadi kwenye mchanga taratibu, kama linavyoteremka kijijini umeme ukikatika, na ndani ya giza lile kulikuwa na ngamia amelala ambaye wiki iliyopita hatukumwona. Mpwa wangu akanyamaza kidogo. Halafu akasema neno ambalo limenitia hamu ya kuandika makala hii: "Sawa Mjomba, nimekubali. Lakini nani ataenda kuitafuta hiyo CD?"

Huo ndio ubishi wenyewe, na Ulaya na Marekani umeshabishaniwa miaka: diski ina picha bora, mtandao una wepesi, chagua moja. Nataka kuonyesha kwamba ukiuleta ubishi huo Dar es Salaam au Nairobi kama ulivyo, unafika miguu juu kichwa chini.

Tuanze na hesabu, kwa sababu neno "4K" siku hizi limekuwa kama neno "orijino" Kariakoo: kila mwenye duka analo. 4K ni idadi ya nukta za picha, 3840 kwa 2160, yaani kama milioni 8. Haisemi lolote kuhusu kila nukta imepewa data kiasi gani. Filamu isiyobanwa ni kubwa mno kupita kwenye waya wa mtu, kwa hiyo hubanwa: programu inatafuta yanayofanana kati ya picha na picha, inayafunga pamoja, kisha inatupa kile inachodhani jicho halitakigundua. Na cha kwanza kuonewa ni giza. Programu inaamini kwamba kati ya weusi huu na weusi ule hakuna atakayeona tofauti, inaziunganisha rangi kumi ziwe mbili, na pale zinapokutana hizo mbili ndipo unapopata mduara wa kisiki. Moshi, ukungu, mvua na maji yanayochafuka navyo ni mateso kwake, maana hakuna picha inayofanana na iliyotangulia.

Netflix wenyewe wanasema saa moja ya 4K inaweza kula hadi GB 7. Ukigawanya kwa sekunde za saa moja, kila baiti ikiwa biti nane, unapata kama megabiti 15 kwa sekunde, na 15 ndiyo kasi wanayokushauri uwe nayo nyumbani. Diski ya 4K, iliyoingia sokoni mwaka 2016, inabeba hadi GB 100, na mfumo wake unaruhusu megabiti 128 kwa sekunde. Filamu nyingi hazikai huko kileleni, lakini kupata mara tatu au nne ya kile cha mtandaoni ni jambo la kawaida. Sauti nayo ni hivyohivyo. Mtandaoni Dolby Atmos, ile sauti ya kukuzunguka, huishia kilobiti 768 kwa sekunde. Kwenye diski inakuja bila kupunguzwa hata chembe, kilobiti elfu kadhaa. Ila kwa spika zile za mgongoni mwa TV, ambazo ndizo tulizonazo wengi wetu, tofauti hiyo ya sauti ni ya kwenye karatasi tu.

Niwe mkweli hapa, maana wapenzi wa diski nao wana ushabiki wao. Si kila diski inashinda. Blu-ray ya kawaida, ile ya mwaka 2006, kikomo chake ni megabiti 40 na picha ya mistari 1080, na mara nyingi imebanwa kwa njia ya kizamani inayohitaji kama mara mbili ya data kupata ubora ambao njia mpya inaupata. Kwa hiyo 4K nzuri ya mtandaoni inaweza kuisogelea, na kwenye mng'ao wa rangi ikaipita. DVD ndiyo usiseme: 720 kwa 576. Ukiiweka kwenye inchi 55 unaona nyuso zimepakwa siagi.

Tatizo la mtandao ni kwamba ubora wake hauna ahadi. Programu inapima waya wako kila sekunde chache, ukilegea inakushusha ngazi kimyakimya, na maandishi ya "4K" kwenye orodha yanabaki palepale. Kifurushi cha bei ya chini hakikupi 4K hata ukiwa na waya wa dhahabu. Na vile visanduku vya Android vya bei poa ambavyo havijathibitishwa na kampuni za filamu vinapewa picha ya kiwango cha chini tu. Mtu analipa mwezi mzima kwa TV kubwa na kifurushi kikubwa, kumbe kinachoingia ni kama DVD.

Dunia iliyaona haya kwa usiku mmoja Aprili 2019. Kipindi cha tatu cha msimu wa nane wa tamthilia ya Game of Thrones kilikuwa vita ya usiku mtupu, na watu wengi wakalalamika kwamba hawaoni kitu. Mpiga picha wake, Fabian Wagner, alijitetea kwamba kazi yake ilikuwa sawa. Akalaumu mipangilio ya TV za watu, na kubanwa kwa picha pia. Aliyekuja kukiangalia kipindi kile kwenye diski aliona askari palepale alipokuwa anaona uji mweusi. Machi 2020, corona ilipofungia watu ndani, Kamishna wa Umoja wa Ulaya Thierry Breton aliziomba kampuni zipunguze mzigo kwenye intaneti, na Netflix ikapunguza kiwango cha data Ulaya nzima kwa siku 30, kama robo ya mzigo wake. Sababu ilikuwa nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini hakuna ambaye angeweza kuingia sebuleni kwako na kuikwangua robo ya Blu-ray yako.

Sasa nije nyumbani, ambako hoja hizi zimebadilishana viti.

Diski tuliyoijua sisi haikuwa ya picha safi. Ilianza na VCD: nukta 352 kwa 288, megabiti 1.15 za picha kwa sekunde, dakika 74 hivi kwa sahani. Filamu ya saa mbili ilikaa kwenye CD mbili, na katikati ya mapigano lazima mtoto mmoja anyanyuke kwenda kubadilisha. Bongo Movie ikazoea Part 1 na Part 2, jambo lililokuwa la biashara zaidi kuliko la hadithi, lakini lilikaa vizuri sana kwenye sahani isiyozidi saa moja na robo. Halafu zikaja zile DVD za muvi 12 kwa pamoja, jalada limejaa vichwa vya mastaa na bastola. Hebu tuipige hesabu moja ya namna hiyo. DVD ya upande mmoja wa kawaida ina GB 4.7. Muvi 12 za saa moja na nusu ni saa 18. Inabaki kama nusu megabiti na kidogo kwa sekunde, picha na sauti kwa pamoja. Hiyo ni nusu ya VCD! Tulinunua teknolojia mpya tukapata picha mbovu kuliko ya zamani, na tukafurahi, kwa sababu ilikuwa muvi 12.

Bado sijasema zile za kamera, zilizorekodiwa ndani ya ukumbi wa sinema na mtu mwenye mkono unaotetemeka, ambapo katikati ya mahaba kichwa cha mtu kinapita kwenda chooni. Tulizilipia.

Orijino zilikuwepo, ndiyo. Kuanzia 2013 TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, walianza kutaka kazi za muziki na filamu zibandikwe stempu ya kodi, na ukiona stempu kwenye jalada ulijua angalau mwenye kazi amepata chake. Lakini picha ndani ya orijino ile haikuwa mbali sana na ya feki, maana yenyewe ilirekodiwa kwa kamera ya video na kubanwa kwa haraka. Kwa hiyo mpwa wangu, aliyezaliwa enzi za VCD, ukimwambia "diski" anachokumbuka ni mikwaruzo. Anakumbuka kuifuta kwa shati, kuipaka dawa ya meno, kuipiga deki kofi la mgongoni. Ukimwambia kwamba Wazungu wananunua diski kwa sababu ya picha safi anakuona umechanganyikiwa.

Na wepesi wa mtandao je? Hapo napo nina wasiwasi. Saa mbili za 4K ni GB 14. Saa mbili za HD, kwa hesabu ya Netflix ya GB 3 kwa saa, ni GB 6. Mwenye faiba nyumbani hazihesabu. Ila wengi wetu tunaishi kwa bando, na mwenye bando la wiki akikosea akaacha filamu iende katika ubora wa juu, Jumatano anaomba hotspot kwa jirani. Kampuni zinalijua hilo. Ndiyo maana kuna vifurushi vya simu tu, na ndiyo maana Kenya ilipewa kifurushi cha bure cha Netflix kwa simu za Android kuanzia Septemba 2021, kikafungwa Novemba 2023. Wateja wanaolengwa ni watu wenye kioo cha inchi sita. Kwa kioo hicho ubishi wa diski na mtandao ni upuuzi. Hata giza la ngamia wangu lingekuwa giza tu.

Halafu kuna siku waya wenyewe unakatika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa siku kadhaa kiduara cha kusubiri kilizunguka mpaka ukakichoka. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na mtaani kwangu hali ilikuwa ileile: wenye filamu ndani waliangalia filamu, wengine tulikaa barazani.

Hao wenye filamu ndani hawakuwa na diski. Walikuwa na flashi.

Ukifika kwenye lile banda la muvi unamkuta kijana na kompyuta yake, mafolda yamepangwa: Kihindi, Kikorea, Singo, Sizoni, Zilizotafsiriwa. Unampa flashi, unamwambia nataka ya mapigano, ya kutafsiriwa, isiwe ya mwaka juzi. Anakuwekea. Unalipa jero kwa muvi, unaondoka. Filamu nyingi unazoondoka nazo zina MB 700 hivi, na namba hiyo haikuanguka kutoka mbinguni: 700 ndiyo iliyokuwa nafasi ya CD moja. Watu waliozoea kuzibana filamu zitoshe kwenye CD waliendelea kuzibana hivyohivyo hata CD yenyewe ilipokufa. Diski imeondoka, kipimo chake kimebaki kinatutawala kutoka kaburini.

Kwa hiyo huku mshindani wa mtandao ni flashi, na ninavyoona mimi flashi imechagua kwa ujanja. Kutoka kwa diski imechukua umiliki: kitu kiko mkononi, hakihitaji bando, hakifutwi na mtu. Kutoka kwa mtandao imechukua wepesi: filamu mpya, haraka, bei ya soda. Imeacha vitu viwili tu, picha nzuri na malipo ya mwenye kazi. Na kwa kuwa vyote viwili havionekani kwenye meza ya yule kijana, hakuna anayeviulizia.

Suala la umiliki ndilo ninaloliona zito kuliko hata picha. Desemba 2023 Sony ilitangaza kwamba vipindi vya Discovery ambavyo wateja wa PlayStation walikuwa wamevinunua, kwa pesa, vingeondolewa kwenye maktaba zao kwa sababu ya mikataba. Kelele zikapigwa, makubaliano mapya yakapatikana, vikabaki. Lakini watu walikuwa wameshaelewa kwamba kile kitufe cha "nunua" maana yake ni "azima mpaka tutakapoamua". Jimbo la California likatunga sheria mwaka 2024 kuwalazimisha wauzaji waseme wazi kwamba unachopewa ni leseni.

Kwetu jambo hili lina sura ya kusikitisha zaidi. Mwigizaji Steven Kanumba alifariki Aprili 2012, katikati ya enzi ya CD. Nikitaka leo kuona kazi za miaka ile, za kwake na za wenzake, ninachokipata YouTube mara nyingi ni nakala iliyonyonywa kutoka kwenye sahani, ina chenga, pembeni pamekatwa, na nyingine imebandikwa namba ya simu ya mtu katikati ya picha. Kuna kazi ambazo sahani yenye mikwaruzo iliyoko kwenye kabati la mtu, pengine Mbagala au Mombasa, huenda ndiyo nakala nzuri kuliko zote zilizobaki. Tulizitupa tuliponunua TV bapa. Mimi mwenyewe nilitupa boksi zima mwaka niliohama, na sikuangalia ndani kulikuwa na nini.

Huko nje diski inakufa pia, kwa mwendo wake. Netflix walioanza mwaka 1998 kwa kutuma DVD kwa posta walifunga huduma hiyo Septemba 2023. Best Buy, duka kubwa la vifaa vya umeme Marekani, liliacha kuuza diski za filamu mwaka uliofuata, na LG nao wakaacha kutengeneza mashine za Blu-ray. Lakini Novemba 2023 diski ya 4K ya filamu ya Oppenheimer iliisha madukani ndani ya wiki ya kwanza. Diski inakuwa kama santuri: wachache, wenye mapenzi, wanaolipa zaidi. Sisi hatumo kwenye hesabu yao. Hatukuwahi kuwemo, kwa kweli. DVD zilipogawanywa kwa kanda, sehemu kubwa ya Afrika iliwekwa kanda ya 5 pamoja na India na Urusi, na orijino ya Uingereza ilikataa kucheza kwenye deki iliyotengenezwa kwa kanda yetu. Bahati nzuri deki za Kichina hazikuwa na habari na kanda ya mtu. Diski za 4K zimeachana na mambo hayo, ndiyo maana ya London ilicheza Tabata bila kulalamika.

Mtu akiniuliza anunue nini, namwuliza kwanza ana TV gani na anaangalia nini. Kama ni tamthilia za kila siku, aende mtandaoni, apakue usiku bando likiwa rahisi, asijisumbue na 4K. Kama ana kioo kikubwa na kuna filamu tano au sita anazozirudia kila mwaka, hizo atafute diski zake, amtume mtu wa Dubai au London, gharama ya nyama ya wikiendi moja au mbili. Zaidi ya hapo ni ugonjwa, na mimi ninao, sikushauri uuambukizwe.

Mpwa wangu hajaambukizwa. Alinipigia wiki iliyopita kuniambia anafikiria kubadilisha PS, achukue ile mpya ya Pro. Nikamwambia hiyo inakuja bila mdomo wa CD, mdomo unauzwa peke yake. Akasema haimsumbui, mpira wake ni wa kupakua. Nikamwuliza kuhusu diski yangu. Kimya kidogo, nikasikia anatembea sebuleni. "Iko humuhumu ndani ya mashine, Mjomba. Tangu siku ile sijaitoa."